Mbegu kwanza, mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza habari za mbolea ya viazi mviringo mara tatu, za mbegu hujaniuliza hata mara moja. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Mwaka nilioanza kulima viazi, vikubwa tulikula, vya kati niliuza, vidogo vilivyobaki nikavifanya mbegu. Nilijiona mjanja. Kumbe mmea mgonjwa ndio mara nyingi huzaa vile vidogo, kwa hiyo nilikuwa nachagua ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe. Msimu wa tatu nilichimba shimo baada ya shimo nikitoa viazi kama gololi.

Siku hizi mbegu naichagua shamba likiwa bado kijani. Maua yakianza kutoka, napita na fungu la vijiti. Mmea wenye shina nene, majani mapana yasiyojikunja wala kuwa na madoa ya manjano, nauchomekea kijiti. Baada ya wiki mbili napita tena. Uliougua unanyang'anywa kijiti chake. Wakati wa kuvuna, yenye vijiti nachimba kwanza, mmoja mmoja. Ukizaa vichache au vilivyopinda, vyake vyote vinakwenda jikoni, kijiti au si kijiti.

Utaona pengine mmea unanyauka ghafla majani yakiwa bado kijani. Kata shina lake karibu na ardhi, ushikilie kipande ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Shamba hilo usitoe mbegu hata moja, na usirudishe hapo viazi, nyanya wala biringanya kwa misimu kadhaa. Atakayekuuzia dawa ya kuuponya anakudanganya.

Mbegu ya ukubwa wa yai la kuku inatosha. Itandaze penye mwanga lakini si juani, mpaka itoe machipukizi mafupi manene ya sentimita 1 au 2. Yanayochipua gizani huwa marefu, meupe, na hukatika ukiyagusa tu. Panda sentimita 30 mche hadi mche, 75 mstari hadi mstari. Hiyo mbolea yako ichanganye na udongo wa mfereji isiguse mbegu.

Halafu usione uvivu kupandishia udongo. Kiazi si mzizi, ni shina lililovimba, na viazi vipya hujitunga juu ya mbegu uliyopanda, si chini yake. Kikichungulia jua kinageuka kijani, kinakuwa kichungu na chenye sumu. Inua tuta mimea ikifika sentimita 20, urudie baada ya wiki mbili tatu.

Vijiti anza kuvichonga sasa. Na ukivuna, vile viazi vya mbegu ulivyovichagua kwa vijiti usivile. Najua utavitamani, maana ndivyo vitakavyokuwa vizuri kuliko vyote shambani.

Mama yako