Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: adhabu ya mkaa imfuate anayefaidika nao

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu jambo ambalo kwa miaka mingi sasa linawagawa wananchi kila linapotajwa bungeni, redioni na vijiweni: nani aadhibiwe kwa sababu ya mkaa, na aadhibiwe kwa kiasi gani. Sikuandikii kutetea uvunaji haramu. Mimi ni mkazi wa Morogoro, mkoa ambao kwa Dar es Salaam umekuwa ghala la nishati ya kupikia, na naamini kwamba tabianchi inabadilika, kwamba misitu yetu inapungua, na kwamba Serikali isiyolinda misitu yake inastahili lawama. Ninachopinga ni adhabu inayomwangukia kwa uzito wake wote mtu wa chini kabisa katika biashara hii, huku ikimpita kando yule aliyetoa mtaji, akanunua mzigo na kuuuza kwa faida.

Ubishi huu una pande mbili ambazo hazisikilizani. Wapo wanaosema kwamba mabadiliko ya tabianchi yameletwa na mataifa ya viwanda, kwamba mchango wa bara zima la Afrika katika hewa ukaa, gesi inayoongeza joto la dunia, haufiki asilimia 4 ya ile inayotolewa duniani, na kwa hiyo kumbana mchoma mkaa wa Kilosa au wa Kisarawe ni kumlipisha deni la wengine. Upande wa pili wapo wanaomwona kila mwenye gunia kuwa adui wa taifa, na wanaofurahi wanapoona picha za magunia yaliyokamatwa yamepangwa mbele ya kituo. Wa kwanza wana haki wanapotaja chanzo cha gesi, lakini wanasahau kwamba msitu hauhifadhiwi kwa ajili ya anga ya dunia peke yake. Mwezi Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam walipangiwa mgao wa maji kwa sababu kina cha Mto Ruvu kilikuwa kimeshuka. Sidai kwamba mkaa ndio uliokausha Ruvu mwaka ule, kwani mvua zilikuwa zimekosekana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, jiji linalotegemea maji na mkaa kutoka upande mmoja wa nchi haliwezi kusema kwamba misitu ya Pwani na Morogoro ni habari ya wageni.

Wa pili nao wanapaswa kuambiwa ukweli ambao haupendezi. Takwimu ambayo Serikali yenyewe imekuwa ikiitaja ni kwamba nchi inapoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu visababishi vya upotevu huo ulionyesha kwamba chanzo kikuu cha msitu kugeuka kuwa si msitu tena ni kilimo. Mkaa unadhoofisha msitu, tena sana mahali ulipo karibu na barabara na soko, lakini kisiki kilichobaki ardhini huchipua tena kikiachwa, ilhali kisiki kilichong'olewa ili papandwe ufuta au mahindi hakichipui. Ikiwa adhabu inakusudiwa kulingana na madhara, basi hesabu yetu ya sasa imepinda, maana ukali wote tumeuelekeza barabarani, kwa mtu aliyebeba gunia, na shambani tumeuacha ulegee.

Nieleze namna mambo yanavyokwenda, kwa sababu wengi wanaobishana hawajui. Mazao ya misitu yakisafirishwa ni lazima yawe na kibali cha uvunaji, stakabadhi ya malipo ya mrabaha, yaani tozo ya Serikali kwa kilichovunwa, na hati ya kusafirishia. Anayekamatwa bila hati anaweza kupoteza mzigo, na sheria inaruhusu chombo alichobebea kitaifishwe. Ipo pia njia ya kufifilisha kosa, yaani mtuhumiwa anakiri kwa maandishi, analipa, na shauri linaishia hapo bila kufika mahakamani. Kwa maandishi ni utaratibu mzuri, unaopunguza mlundikano wa kesi. Kwa vitendo, mwenye fuso iliyosheheni magunia hulipa na kuhesabu malipo hayo kama sehemu ya gharama za safari, sawa na mafuta na posho ya utingo. Kijana mwenye magunia mawili nyuma ya pikipiki hana cha kulipa, kwa hiyo chombo kinabaki kituoni. Na mara nyingi pikipiki hiyo si yake: ni ya mkataba, anapeleka hesabu kila wiki kwa mwenye nayo, akitumaini kuimiliki muda ukitimia. Ikitaifishwa, amepoteza kazi na bado anadaiwa, na mwenye chombo, ambaye pengine hakujua kilichobebwa siku hiyo, naye ameadhibiwa. Aliyemtuma, ambaye ndiye aliyetoa pesa za kukatia na kuchomea, hajatajwa mahali popote katika jalada hilo.

Mheshimiwa Waziri, Serikali hiihii inajua kupanga adhabu kwa ngazi. Mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, kanuni hazikumweka mwanamke mwenye mfuko wa nyanya na mwenye kiwanda katika kapu moja. Aliyekutwa akiutumia alipangiwa faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7. Anayeuuza, kati ya shilingi 100,000 na 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Na anayeutengeneza au kuuingiza nchini, kati ya shilingi milioni 20 na bilioni moja au kifungo kisichozidi miaka miwili. Zilikuwepo kasoro, na mifuko haikutoweka yote, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeweza kusema kwamba kanuni zile zilimwonea mnyonge. Kila mmoja alijua yuko ngazi gani. Naomba kujua ni kwa nini mkaa, unaogusa jiko la karibu kila nyumba ya mjini, haukupewa mpangilio wa namna hiyo.

Hapa ndipo suala la teknolojia linapoingia, na napenda nilikalie kwa muda, kwa sababu tumezoea kulizungumza kana kwamba teknolojia ni mtungi wa gesi peke yake. Tanuri la kienyeji lililojengwa kwa haraka, kwa magogo mabichi na kwa hofu ya kukamatwa, linahitaji karibu kilo 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Mchomaji aliyefundishwa, anayekausha magogo kwanza, akayapanga kwa ukubwa wake, akafunika vizuri kwa majani na udongo na kuacha matundu ya hewa mahali panapostahili, anaweza kupata kilo hiyohiyo kwa kuni nusu ya hizo au hata pungufu. Ujuzi huo hauagizwi kutoka ng'ambo wala haulipiwi kwa dola. Lakini unahitaji muda wa kukaa porini kwa utulivu, na mtu anayejificha hana muda huo. Kwa hiyo tunapomgeuza kila mchomaji kuwa mhalifu, tunaongeza idadi ya miti inayokatwa kwa kila gunia linalofika Tandika au Manzese.

Wilayani Kilosa tumeona jambo tofauti likiwezekana. Kuanzia mwaka 2012, kwa msaada wa Uswisi na kwa kazi ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vijiji kadhaa vilipima misitu yao, vikatenga sehemu ndogo tu kwa ajili ya mkaa, vikaigawa katika vitalu vinavyovunwa kwa zamu ya miaka 24, na kuacha visiki vichipue. Ushuru uliingia katika akaunti ya kijiji na kulipia madarasa, visima na zahanati. Mchomaji alikuwa na kitambulisho na kitalu chake. Kanuni za mwaka 2019 zilipovitaka vijiji vitoze ushuru wa viwango sawa na vya misitu ya Serikali na kupeleka mipango yao ya uvunaji ngazi ya wilaya, wadau walilalamika kwamba mkaa halali ulikuwa unapoteza wateja mbele ya mkaa wa magendo, ambao haulipi chochote. Kutoka hapo, kumkamata mnunuzi kwa kuchagua mkaa wa bei nafuu ni kumwadhibu kwa kosa ambalo kanuni yetu imelipanda.

Teknolojia nyingine iko Morogoro hapahapa. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na picha za setilaiti zinaonyesha mahali msitu ulipofyekwa. Setilaiti huona kwa urahisi shamba jipya la makumi ya hekta. Miti michache iliyopunguzwa hapa na pale chini ya kivuli cha mingine, huiona kwa shida. Maana yake ni kwamba chombo tulicho nacho kinamwona mfyekaji mkubwa vizuri kuliko kinavyomwona mchoma mkaa, ilhali askari wetu wa vizuizini wanamwona mchoma mkaa tu. Ningependa kuona mashauri yanayoanzia kwenye picha hizo yakifika mahakamani kwa idadi inayolingana na yale yanayoanzia kizuizini.

Kuhusu nishati safi, sina ubishi na shabaha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na kuanzia na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku lilikuwa agizo la busara, kwa kuwa shule na gereza vina bajeti, navyo vinaweza kuwajibishwa. Kaya ni jambo jingine. Anayenunua mkaa wa kopo kila jioni hufanya hivyo kwa sababu pesa yake huja kila jioni. Ruzuku inayompa mtungi na jiko kwa nusu bei inamsaidia siku ya kwanza, kisha gesi inaisha na anatakiwa awe na pesa ya kujaza yote kwa mkupuo. Mitungi yenye mita, ambayo mtu hulipia kidogo kidogo kwa simu, inalijibu tatizo hilo lenyewe, na imekwisha kutumika Dar es Salaam. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mwaka 2018 ilitangazwa zabuni ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2.6 ili kupisha bwawa la Julius Nyerere, nao huuliza kwa nini miti hiyo haikuwa na mtetezi. Mimi naona megawati 2,115 zina hoja yake. Lakini namna bora ya kuwajibu ni kuufanya umeme huo upikie maharage ya mtu wa Mbagala kwa bei anayoimudu.

Tumewahi kujaribu njia ya mkato. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku nchi nzima. Bei ikapanda, na baada ya wiki mbili tu katazo likaondolewa. Waliohifadhi magunia ghalani walitajirika. Nalitaja tukio hilo kwa sababu bado nasikia viongozi wakitishia jambo lilelile.

Nakuomba basi mambo ambayo yamo ndani ya mamlaka yako. Kanuni zirekebishwe ili adhabu ya mkaa ipangwe kwa wingi wa mzigo na kwa nafasi ya mtu katika biashara, na mwenye mzigo atafutwe na kushtakiwa hata kama hakuwa ndani ya gari. Utaifishaji wa baiskeli na pikipiki usifanyike bila amri ya mahakama, na mwenye chombo apewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya kukipoteza. Vijiji vyenye mpango wa uvunaji uliokubaliwa virudishiwe uhuru wa kujipangia ushuru. Na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania uchapishe kila mwaka, kwa kila kanda, idadi ya makosa yaliyofifilishwa, kiasi kilicholipwa, vyombo vilivyotaifishwa na aina yake, na mashauri yaliyowafikia wafadhili wa uvunaji haramu. Taarifa hiyo ya kwanza ningeomba iwekwe mezani kabla ya Bunge lijalo la bajeti, ili wabunge wa Morogoro, Pwani, Tanga na Lindi waijadili wakiwa na tarakimu mkononi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Kihonda, Morogoro