Barua kwa Mwanaidi kuhusu ugonjwa wa Salma

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Uniwie radhi kwa kimya changu. Tangu Ramadhani nimekuwa nikishinda hospitalini na Zuhura. Kile kifafa kilichomwanza Salma akiwa na miaka 14, kikazishinda dawa zote, sasa kimejulikana: ni ugonjwa wa Lafora.

Walimkata kipande kidogo cha ngozi ya kwapa, na katika mirija ya jasho wakaona vibonge vilevile alivyovieleza daktari Mhispania, Gonzalo Rodríguez Lafora, mwaka 1911. Tulielezwa kwamba mwili huweka akiba ya sukari kama glikojeni, yenye matawi mengi mafupi, ambayo huyeyuka. Ya Salma ina minyororo mirefu kupita kiasi, haiyeyuki, nayo hugandamana ndani ya seli za ubongo. Kazi ya kuzuia hayo ni ya protini mbili, laforini na malini, ambazo jeni zake zilitambuliwa na watafiti wa hapa hapa Toronto, mwaka 1998 na 2003.

Ninalokuomba ni hili. Bibi yake Salma anashikilia kwamba maradhi haya yametoka kwa akina Zuhura, na maneno hayo yanammaliza Zuhura kuliko kukesha kwenyewe. Nenda ukamweleze, kwa kuwa wewe ni muuguzi na anakusikiliza, kwamba mtoto huugua pale tu anapoipokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi wenyewe huwa wazima kabisa. Isitoshe, Zuhura na mumewe ni watoto wa ndugu. Upande wa Zuhura ndio upande wake mwenyewe.

Usimwambie kwamba dawa imepatikana. Panya waliopunguziwa utengenezaji wa glikojeni walipata nafuu kubwa, na watafiti wanaifuata njia hiyo kwa binadamu, lakini ugonjwa huu kwa kawaida huua ndani ya miaka kama 10 tangu dalili za kwanza. Zuhura anaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana siwezi kuvumilia aongezewe lawama.

Na Idi, mdogo wake Salma, anayelelewa na bibi huyo huyo? Kila mtoto wao ana uwezekano wa mmoja kati ya wanne, naye anakaribia umri ule. Umemwona karibuni? Hashtuki mikono ghafla hata kikombe kikamponyoka? Hajasema anaona mwanga usiokuwapo? Je, masomo hayajaanza kumshinda? Utakwenda peke yako, au na Shangazi Mwanahamisi?

Wako,
Rukia