Barua ya wazi kwa vijana wa Mbeya mnaotengeneza gemu

Wanangu,

Nimetoka kwenye maonyesho yenu na uchungu moyoni. Meza ya kwanza, gemu ya mpira. Ya pili, mpira tena. Ya tatu, jamaa anakimbia barabarani akiokota sarafu, ileile wanayocheza wajukuu zangu kwenye simu ya mama yao, ila huyu kavalishwa jezi ya Yanga. Nikamuuliza mwenye meza, wazo lako liko wapi hapo? Akasema, "Mzee, hii ndiyo inayouzika." Na majaji wakampa zawadi! Kijana yule ana mkono mzuri, programu yake haikukwama hata mara moja. Ndiyo maana niliumia.

Inauzika kwa nani? Anayetaka mpira anayo EA Sports FC, ya kampuni yenye hela za kulipia majina na sura za wachezaji. Huko hamuwawezi. Lakini wakubwa wana woga wao: gemu moja inameza mamilioni ya dola, kwa hiyo wanarudia kilichowahi kuuza. Jipya mara nyingi linatoka kwa mtu asiyetarajiwa. Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka, aliibuni Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Stardew Valley ya mwaka 2016, gemu ya kulima na kufuga, Eric Barone aliitengeneza peke yake, michoro na muziki humohumo. Mwaka huohuo Kiro'o Games ya Kameruni ikatoa Aurion, gemu ya mapigano yenye hadithi ya Kiafrika.

Sasa nije kwenye malori, maana ujana wangu uliishia huko. Kwenye kibanda kimoja cha gemu Mwanjelwa nilimkuta kijana anaendesha semi Ujerumani. Euro Truck Simulator 2, imetengenezwa Prague, Ucheki, na SCS Software, ikatoka mwaka 2012. Unachukua mzigo, unafuata barabara, unafika. Basi! Na watu wameipenda dunia nzima. Kijana mwenyewe kazaliwa kando ya barabara ya Tunduma.

Hivi Tunduma, pale mpakani, hamuioni? Foleni haisogei, tandiboi anapika ugali chini ya tela. Umebeba shaba ya Zambia, unapita mizani, unaitafuta Iringa, halafu mteremko wa Kitonga unakungoja. Pale unashuka na gia nzito, breki unaigusa kidogo tu, maana ikishapata moto haishiki tena. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na nyuma yako basi linataka kupita kwenye kona. Nani wa Prague atayajua hayo? Nyie mnayo, mnaniletea jezi.

Mengine nayataja tu. Sajilini kampuni BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Andikishaneni makubaliano yenu kabla hela haijaingia. Gemu ifunguke kwenye simu ya bei ndogo. Mpeni mtu msiyemjua aicheze, nanyi mnyamaze.

Na sisi wazazi tunakosea. Mtoto akishika gemu tunamwita mhuni, akitaka mtaji tunamwambia kalime viazi. Majaji nao, mkizawadia nakala, mwakani mtaletewa nakala kumi.

Madereva wastaafu tupo wengi, Mbeya hadi Makambako. Njooni na daftari, tuwaeleze kona kwa kona kutoka Ilula mpaka Ruaha Mbuyuni, na muungurumo wa injini mkaurekodi wenyewe barabarani.

Mzee wenu, dereva mstaafu,
Uyole