Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: tunaomba ufunguo wa kile chumba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

YAH: CHUMBA WALICHOAHIDIWA WANAFUNZI WA MATAIFA YA KWANZA (WATU WA ASILI WA KANADA)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo, Profesa. Hunijui, ila kapu la taka la ofisini kwako huwa nalimwaga mimi. Ni mfagiaji wa zamu ya usiku. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua niliyoileta kwa Kiingereza ilipokelewa vizuri sana, ikagongwa muhuri, na tangu hapo kimya. Nikakumbuka kwamba pale lango kuu mmeandika "Karibu" kwa herufi kubwa. Basi nimekaribia. Wakalimani hamkosi. Na Watanzania, Wakenya na Wakongo wenzangu tulio hapa Kanada nao wasome, maana jambo hili tunalizungumza kwenye misiba na harusi zetu bila kujua pa kulipeleka.

Nianze na pongezi. Shughuli ya Septemba 30, Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano, ya kuwakumbuka watoto wa watu wa asili waliopelekwa shule za bweni mbali na wazazi wao, ilipendeza. Ulivaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya shati na tai. Ulisoma tamko la kukiri kwamba chuo kimejengwa kwenye ardhi ya Mkataba wa Sita, ule wa serikali na watu wa asili, ardhi ya Wakrii, Wametis na wenzao, na majina yote uliyatamka bila kujikwaa. Ukasimulia habari za Phyllis Webstad, mtoto wa miaka sita aliyenunuliwa na bibi yake fulana mpya ya rangi ya chungwa mwaka 1973, akafika nayo shule ya bweni ya wamisionari karibu na Williams Lake, wakamvua siku hiyohiyo na hakuiona tena. Ukumbi ukawa kimya. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo yangu (chuo kilifungwa siku ile, lakini sisi wa kampuni ya mkataba tulikuwa kazini, kwa kuwa jimbo letu halijaifanya siku hiyo kuwa mapumziko ya lazima kwa kila mwajiri). Nilipiga makofi, sitakataa.

Jioni nikazikuta fulana hizohizo kwenye mapipa ya taka. Nyingine zilikuwa bado na mikunjo ya dukani, moja imefutiwa krimu ya keki. Nilizikusanya, nikazifua, na sasa wanangu wanazilalia. Yule mzee wa Kikrii mliyemwalika afungue shughuli kwa dua alirudi kwenye gari lake akakuta limebandikwa faini ya maegesho. Hayo nayo niliyanyamazia.

Lililonitoa kwenye kunyamaza lilitokea usiku, wiki hiyohiyo. Binti mmoja wa Kikrii, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alipigiwa simu kwamba bibi yake amefariki. Akashuka chini ya ngazi za jengo letu na kibakuli chake, akawasha majani makavu, akawa anajifukiza: anauvuta moshi kwa viganja, anaupitisha kichwani, machoni, kifuani. Kwetu mtu hufukiza ubani msibani na hakuna anayeuliza. King'ora cha moto kikalia. Wakaja walinzi wawili, mmoja akamwagia majani maji ya chupa, mwingine akamwandikia faini ya kuwasha moto ndani ya jengo. Binti hakubishana. Alikaa kwenye ngazi ameshika kibakuli kimejaa majivu mabichi, na mimi nikaambiwa nipige deki kisha nisaini karatasi ya ushahidi. Deki nilipiga. Kusaini nilikataa.

Sasa nikukumbushe, kwa heshima zote. Mwaka jana, siku kama ile, kwenye mimbari ileile, ulitamka kwamba chumba cha ghorofa ya chini kitawekewa feni ya kutoa moshi na kukabidhiwa wanafunzi wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, kiwe wazi usiku na mchana, "kabla ya theluji ya kwanza". Theluji ile ilidondoka, ikayeyuka, na ya mwaka huu iko njiani. Feni imefungwa, hilo nalishuhudia, kwa sababu vumbi la mafundi nililifagia mimi. Lakini mlango una kufuli. Unajua ndani kuna nini? Viti vya sherehe, mimbari yako, na bango refu lililokunjwa lenye maneno "Ukweli na Maridhiano".

Kwa nini hakifunguliwi? Wengine wanasema ni mambo ya bima. Wengine wanasema watu wa zimamoto hawajaleta cheti. Mimi kwa akili yangu ya ufagio naona ni viti tu. Hakuna pengine pa kuviweka, na Septemba ni mbali.

Kwenye korido ya ofisi yako mmetundika, ndani ya fremu, miito 94 ya kuchukua hatua ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza zile shule za bweni, iliyoongozwa na Murray Sinclair na kumaliza kazi mwaka 2015. Nimeisoma yote nikifuta vumbi. Wa 80 ndio uliodai siku hii, na huo mmeudaka upesi, maana una keki. Wa 16 unavitaka vyuo vianzishe shahada na stashahada za lugha za watu wa asili. Huo nao upo kwenye fremu.

Mheshimiwa, moshi wa yule binti si suala la king'ora peke yake. Mwaka 1876, uleule Mkataba wa Sita ulipotiwa saini, Bunge la Ottawa lilipitisha sheria ya kuwatawala watu wa asili, na ndani yake kifungu kilichosema mwenzao akipata shahada ya chuo kikuu, papo hapo kisheria si mwenzao tena. Yaani joho lilikuwa la kumfutia mtu ukoo! Kifungu kilikuja kulegezwa. Halafu mwaka 1884 wakapiga marufuku potlatch, sherehe ya kugawa zawadi ya watu wa asili kule pwani ya magharibi, mwaka 1895 wakaipanua marufuku hadi kwenye ngoma na ibada za nyanda hizi, na haikuondolewa mpaka 1951. Watoto zaidi ya 150,000 walipitishwa kwenye zile shule za bweni. Bibi aliyekuwa akifukiziwa usiku ule alizaliwa marufuku ikiwa bado ipo. Mjukuu wake anasoma kwako, na kaandikiwa faini.

Mimi ni mtu wa Songea, kuombwa radhi nakujua. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwetu akaomba msamaha kwa waliyotendewa wazee wetu wakati wa Vita vya Majimaji. Ndugu zangu walinipigia simu usiku huo, tukafurahi. Ila kichwa cha nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, bado kinatafutwa. Kwa hiyo nikisikia hotuba nzuri huwa nasubiri kuona kinacholetwa mkononi.

Na usiseme hayanihusu. Nilipoapa kuwa raia wa nchi hii, kiapo kilinitaka nitamke kwamba Katiba inatambua haki za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, pamoja na haki zao za mikataba. Nilitamka mkono juu, mke wangu akinipiga picha. Hakuna aliyeniambia kwamba ni ya kutamka tu.

Tangu nikatae kusaini, kampuni imenipa barua ya onyo na kunipunguzia zamu. Kodi ya nyumba haijapungua. Mama yangu Songea anameza dawa za presha zinazotoka kwenye ufagio huu, na mwezi huu nimetuma nusu. Nilikuja nchi hii nikiwa na cheti cha ualimu, kikaonekana hakifai. Nikasema sawa, nitafagia huku nikisoma jioni. Ada ya jioni sasa sijui nitaipata wapi. Sikuandikii unihurumie, ingawa ukinihurumia sitakasirika.

Nilikuwa nimeandaa madai mengi. Faini ya binti ifutwe. Walinzi wafundishwe moshi wa ibada ni upi. Wazee mnaowaalika wasitozwe maegesho. Lugha ya Kikrii ifundishwe hadi shahada. Hayo yote najua yatapelekwa kwenye kamati, na kamati itaomba muda, na muda mnao. Basi yaache. Naomba ufunguo. Ule mmoja, wa kufuli ya chumba cha ghorofa ya chini. Hauhitaji kamati, Profesa, upo kwenye droo ya msimamizi wa majengo, ya pili kutoka juu.

Viti nitavihamisha mwenyewe, nje ya zamu, bila malipo, na wenzangu wa Kigoma na Bukavu wameshakubali kunisaidia. Mimbari tutaiweka popote utakapoelekeza. Ufunguo uachwe mapokezi kwa jina la chama cha wanafunzi wa Mataifa ya Kwanza, si kwa jina langu. Wiki hii, tafadhali. Wiki hii.

Wako mtiifu, mpaka sasa,

Mfagiaji, zamu ya usiku