Makala za mitishamba ya mapafu zitupe vipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie makala za mitishamba inayosemwa kutuliza uvimbe wa mapafu kwa wagonjwa wa mafua makali, UVIKO-19 na virusi vingine vya kifua. Nyingi hutaja mmea, zikausifu, zikaishia hapo. Msomaji haambiwi ni mzizi au jani, gramu ngapi kwa maji kiasi gani, wala dawa inywewe siku ya ngapi ya ugonjwa.

Chukua manjano. Ni kweli kurkumini iliyomo imeonekana maabara ikipunguza uvimbe kwenye seli. Lakini koroga kijiko cha unga wake katika glasi ya maji ya moto, uiache dakika 10. Juu utaona maji ya njano, chini tope zito limetuama. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo sehemu kubwa imebaki kwenye tope, na hata ukilinywa, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Ndiyo sababu wengi huongeza pilipili manga: piperini yake huzuia ini na utumbo kuivunja kurkumini upesi. Tatizo ni kwamba piperini hiyo hiyo inaweza kupandisha kiwango cha dawa nyingine mwilini, kama fenitoini ya kifafa. Hilo sijaliona likiandikwa.

Utayarishaji nao una kanuni zake. Mizizi na magome hukatwa vipande vidogo, yakachemshwa kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Majani yenye harufu hayachemshwi. Humwagiwa maji yaliyotokota, yakafunikwa dakika 10, kwa kuwa mafuta yake hupaa na mvuke. Chumba kizima kikinukia, dawa imeshapotelea hewani. Kipimo kiwe cha mizani, maana kijiko cha unga na kijiko cha majani makavu havina uzito mmoja. Mchemsho uwekwe kwenye jokofu na umalizwe ndani ya saa 24.

Madhara yasifichwe. Mzizi wa urukususi una glisirizini, ambayo ikizidi hufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu. Shinikizo la damu hupanda na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Mafuta ya mkaratusi hayanywewi kabisa, kwani hata kiasi kidogo huweza kumtia mtoto degedege. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Linalonisumbua zaidi ni suala la wakati. Siku za mwanzo, uvimbe ni sehemu ya kinga ya mwili inayopambana na virusi. Hatari huja pale kinga inapopitiliza, vifuko vya hewa vikajaa majimaji na oksijeni ikashuka. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, mwaka 2020, ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya hospitali inayotuliza uvimbe na kinga iliyopitiliza, ya miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni bila mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Dawa ileile, ugonjwa uleule, na matokeo yakatofautiana kwa hatua aliyofikia mgonjwa. Kwa hiyo anayeandika "kunywa asubuhi na jioni hadi upone" anaandika asichokipima.

Ombi langu, Mhariri: kila makala ya aina hii ibebe kisanduku chenye sehemu ya mmea, uzito, kiasi cha maji, muda wa kuchemsha na dawa zisizopatana nayo. Chini yake ziwepo dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kusubiri mchemsho ufanye kazi: midomo kuwa ya buluu, kuchanganyikiwa, au pumzi zinazozidi 30 kwa dakika kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 ni pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia.

Wako,
Mfamasia