Mwanangu, shingo itolewe kwanza ndio ulipe

Mwanangu,

Picha zako za hilo gitaa la zamani unalotaka kununua nimezipata zote 9, nimezikuza kwenye simu mpaka macho yanauma na mama yako ananiambia zima hiyo kitu ulale. Sijalala. Unasema Jumamosi unamalizia hela na advansi ushatuma, sasa hiyo advansi ndio imenitoa usingizi, maana mtu akishatoa hela kidogo moyo unakuwa umeshanunua na jicho halikagui tena, linatafuta sababu za kukubali. Nakuomba kitu kimoja tu na nitakirudia mpaka unichoke, usimalizie hiyo hela kabla shingo ya hilo gitaa haijatolewa mbele yako.

Muuzaji anasema ni Stratocaster, lile gitaa la umeme la Fender, ya 1964 na ushahidi wake ni ile namba inayoanza na L kwenye kibati cha nyuma. Mama, kile kibati kimeshikwa na skrubu 4. Mtu mwenye bisibisi anakihamisha kwenda gitaa lingine chai haijapoa. Ni kweli Fender walitoa namba za L miaka ya 1962 mpaka 1965 hivi, lakini hiyo namba ni ya kibati, gitaa lina umri wake lenyewe. Na 1964 haijatajwa bure. Januari 1965 CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, waliinunua kampuni ya Fender, na wanunuzi wa magitaa ya zamani wanaugawa ulimwengu hapo, kabla ya CBS na baada ya CBS, na ya kabla ndio ghali, kwa hiyo mwaka mmoja tu kwenye maneno ya muuzaji unabeba hela nyingi sana. Ndio maana nataka huo mwaka autoe kwenye mbao, asiutoe mdomoni.

Ile picha ya 6, aliyofunua plastiki ya mbele akuonyeshe waya za ndani, nadhani alitaka ufurahi kuona zimezeeka. Mimi imeniharibia siku. Kwenye mgongo wa poti ya volyumu, kile kidude cha umeme kilicho chini ya kitufe cha sauti, kuna tarakimu zimegongwa, nimezisoma mara tatu, 1376632. Hiyo 137 ni mtengenezaji, ni CTS, 66 ni mwaka na 32 ni wiki, yaani hiyo poti imetengenezwa Agosti 1966. Gitaa la 1964 limeipataje? Labda ilibadilishwa, poti zinachoka na mafundi wanabadilisha kila siku, hilo linashusha bei kiasi ila halina aibu. Au gitaa lenyewe ni la baadaye, kwa sababu Fender walinunua poti nyingi mno 1966 wakaendelea kuzitumia miaka kadhaa, kwa hiyo poti inakwambia gitaa halijaunganishwa kabla ya tarehe fulani, haikwambii limeunganishwa lini. Angalia lehemu kwenye hiyo poti, ya zamani imefifia rangi na imetulia, iliyoguswa juzi inang'aa au ina vidonge vidonge na waya umechunwa upya. Na picha ya kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapokazwa, kwanini ameikata nusu? Kichwa kikubwa kilianza mwishoni mwa 1965. Mwambie akupigie kichwa chote.

Najua unajua kupiga kuliko mimi, hilo nishalisema kwa watu wengi kabla sijakwambia wewe, juzi nimemwonyesha jirani ile video yenu akauliza huyo ni binti yako kweli, nikasema ndiye. Lakini kupiga ni kazi moja na kununua ni kazi nyingine. Wewe ukishika kitu kikalia vizuri unasema baba hili ndilo. Sauti nzuri haina tarehe.

Sasa shingo. Ikitoka, geuza kisigino chake, pale inapokaa ndani ya mwili. Za miaka hiyo zina muhuri, mfano 2 APR 64 B, ile 2 ya mwanzo ni Stratocaster, halafu mwezi na mwaka, na B ni upana wa shingo, ya kawaida. Hiyo ni tarehe ya shingo peke yake, inaweza kutangulia gitaa kwa miezi, sio kosa. Kosa ni kukuta pamesuguliwa na msasa. Pakiwa peupe pasafi, shukuru, rudisha gitaa mezani, ondoka. Ukiwa hapo chini angalia pia nati ya ile fimbo ya chuma ya kunyooshea shingo, iko upande huohuo wa kisigino, uone kama bado ina nafasi ya kukazwa, maana shingo iliyopinda na nati imefika mwisho ni gharama ambayo hakuna rangi nzuri itakayoilipia. Freti zilizolika, vile vyuma vya kukatiza shingo, zisikutishe sana, freti zinabadilishwa. Vile vitone vya kwenye ubao wa vidole, pale unapobonyezea nyuzi, mpaka karibu mwisho wa 1964 vilikuwa vya rangi ya udongo vimefubaa, vikimetameta kama lulu anza kuuliza maswali.

Halafu rangi, na hapa ndio pesa zinapopotelea. Gitaa la zamani lililopakwa upya kwa kawaida linauzwa kama nusu ya lile lenye rangi yake ya kiwandani, hata kama aliyepaka ni fundi hodari. Wewe umeandika "rangi iko safi kama mpya baba" na umeweka alama za furaha. Mwanangu, rangi ya miaka 60 iko safi kama mpya kwanini? Chukua ile taa ya kukagulia noti bandia, zima taa za chumba, mulika. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi inatoa mng'ao wa kijani-njano, palipoguswa juzijuzi panaonekana kama doa jeusi au rangi inayotofautiana na penginepo. Na chini ya ile plastiki tafuta matundu madogo ya misumari, Fender mpaka mwaka huohuo 1964 walikuwa wanapigilia misumari kwenye mwili ili wauegemeze wakati rangi inakauka, wakaing'oa baadaye, kwa hiyo ndani ya tundu ni mbao tupu. Ukikuta rangi imeingia ndani ya tundu, limepakwa tena.

Sisemi usinunue lililopakwa. Kwa mtu wa kupanda nalo jukwaani kila wiki hilo ndilo hata mimi ningechukua, halikupi presha. Ila lilipe kwa bei yake.

Ile Gibson SG yangu iliyoko ukutani umeniuliza mara ngapi kwanini siipigi na mimi nakujibu nyuzi zimekatika. Nyuzi ninazo. Ina ufa kwenye shingo, nyuma ya kichwa, umeunganishwa na kupakwa vizuri sana, niliinunua usiku, kwa taa hafifu, kwa bei ya gitaa zima. Gibson wanavunjika hapo kwa sababu kichwa kimelala nyuma, shingo ni ya mahogani kipande kimoja, na hapohapo imechimbwa kwa ajili ya nati ya fimbo, kwa hiyo mbao iliyobaki ni nyembamba. Hayo yote niliyajua baadaye, fundi alipomulika tochi kwa pembeni ukaonekana mstari mmoja chini ya vanishi, akaniambia thamani yake ni nusu, labda pungufu. Muhula ule uliokaa nyumbani unaukumbuka mwenyewe. Tulikwambia ni mambo ya kazini kwangu. Mama yako hakuwahi kunisema mbele yenu, na mpaka leo hajanisema.

Basi usimalizie hela kabla shingo haijatoka. Akikataa isifunguliwe eti itaharibika, skrubu 4 haziharibu kitu, mwambie fundi ataifungua wewe ukisimama, na kama bado hataki hiyo advansi iache iende, naisema hivyo na najua uliipataje.

Jambo lingine, mnasafiri mwezi ujao. Kama litakuwa kweli la 1964, ubao wa vidole wa mengi ya mwaka huo ni rozwudi ya Brazili, mti wa ukoo mmoja na mpingo, na tangu 1992 uko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuvusha mpaka bila kibali wanaweza kulikamata. Kwa safari hii beba lile la siku zote.

Hapa tupo. Chumba chako kinavuja pale kwenye kona, nimehamisha vitabu vyako na ile ampu nimeiweka juu ya kiti, usiogope haijalowa. Mama yako macho yanamsumbua, anasema ni miwani tu, mpigie wewe umwambie aende akapime, mimi hanisikii. Mdogo wako amemaliza mitihani, anakuja huko Ijumaa, nimempa bisibisi yangu ya nyota ile ndogo yenye mpini wa mbao na ile taa ya noti, viko kwenye soksi ya bluu, usimruhusu aisahau kwenye gari. Halafu ukishaigeuza hiyo shingo nipigie picha ya kisigino, bila kuikata, hata kama ni usiku wa manane, simu nitaiweka kwenye mto.

Baba yako