Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania: tunataka kulipia nyimbo za huku kwetu, tuonyesheni pa kulipia

Mheshimiwa Mtendaji Mkuu, salaam kutoka Uyole, Mbeya.

Nakuandikia kama mmoja wa vijana tunaotengeneza video za mtandaoni huku Nyanda za Juu Kusini. Tuko wengi siku hizi, Tukuyu, Makambako, Njombe, Iringa mjini, wengine wanarekodi kilimo, wengine harusi na sendoff, wengine ibada, wengine wanazunguka Kitulo na Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu kuonyesha nchi yetu ilivyo nzuri. Ombi langu nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta: tunataka kutumia muziki wa wasanii wa huku kwenye video zetu, tunataka kuulipia, na hatuoni pa kulipia. Naomba ofisi yako isimamie ipatikane leseni ndogo yenye bei inayojulikana ya kuweka wimbo wa Kitanzania kwenye video ya mtandaoni, na iwepo orodha ya kazi zilizosajiliwa ambayo mtu akiingia kwa simu yake anaona wimbo huu ni wa nani na aongee na nani.

Najua mtu anaweza kusema mbona leseni zipo. Zipo ndiyo, mwenye baa pale Mwanjelwa anajua kuna leseni ya kupiga muziki mbele ya wateja, mwenye hoteli anajua, redio wanajua, na tangu sheria irekebishwe 2022 tunaelewa kwamba kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi pale kazi zao zinapotumika, ni kazi ya taasisi za wenye haki wenyewe na ofisi yako inabaki kuwa msimamizi. Hapo hatuna ugomvi. Ila kubandika wimbo kwenye picha za video ni ruhusa nyingine kabisa, ile ya mwenye baa haikusaidii, inabidi umfuate mwenye wimbo mwenyewe mkubaliane. Na mwenye wimbo mara nyingi siyo mtu mmoja, kuna aliyetunga mashairi na melodi, halafu kuna mwenye ile rekodi yenyewe, masta, hizo ni haki mbili tofauti na zote mbili unatakiwa uzipate ndiyo uwe salama.

Sasa njoo uone studio zetu zilivyo. Dogo anaenda kurekodi, anamlipa prodyuza hela ya studio, wanamaliza wimbo usiku, hakuna karatasi yoyote. Masta ni ya nani? Dogo anasema yangu maana nimelipa, prodyuza anasema biti nimepiga mimi, aliyeimba kiitikio naye anasema bila mimi wimbo usingesikika. Wote wanaongea kwa nia njema kabisa, ni marafiki, ila mimi nikija kuomba ruhusa namuomba nani anisainie? Nikisainiwa na mmoja mwingine anaweza kuja kesho akafanya video yangu iondolewe.

Na hapo bado hujafika kwenye biti za kununua mtandaoni, hili naomba ulisikilize vizuri kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi na silioni likizungumzwa. Vijana wengi wananunua biti kwenye mitandao kwa bei ndogo, na bei inakuwa ndogo kwa sababu biti hiyohiyo inauzwa kwa watu wengi, huyu Mbeya, mwingine Brazili, mwingine Nijeria, kila mtu anaimbia yake. Mwaka jana nilitumia wimbo wa msanii mmoja wa hapa kwenye video ya mavuno ya viazi Makete, nilimlipa kwa simu, akaniandikia ruhusa kwa mkono wake akasaini. Video ilivyopanda tu ikaja kleimu, yaani dai la hakimiliki, kutoka kampuni moja ya nje inayosambaza nyimbo mitandaoni, kumbe kuna mtu huko aliimbia biti ileile akaisajili kama mali yake peke yake, kwa hiyo hela ya matangazo ya viazi vya Makete ikawa inaelekezwa kwa mtu ambaye Makete hajawahi hata kuisikia. Nilipinga nikaeleza kila kitu, wakakaa karibu na mwisho wa muda wao wa kujibu halafu wakakataa. Msanii wangu aliyeimba kwa jasho lake hakupata kitu pale, na mimi niliyemlipa sikupata kitu.

Kwa wasiojua mashine hii inavyofanya kazi, YouTube wana mfumo unaitwa Content ID, ulianza 2007, wenye haki wanaweka faili zao humo na kila video inayopandishwa inalinganishwa nazo. Ikifanana inakuja kleimu, na mwenye kleimu ndiye anachagua, aizuie video, achukue hela ya matangazo, au aangalie tu takwimu. Masharti yao yenyewe yanasema kinachoruhusiwa kuingia humo ni kile ambacho una haki nacho peke yako, biti ya kuuziwa watu mia haifai, lakini zinaingia. Ukipinga, anayeisoma pingamizi yako ni yuleyule aliyekukleimu na ana siku 30 za kukujibu, YouTube wenyewe hawakai katikati kuamua nani mkweli. Ukiendelea kubisha anaweza kuomba video iondolewe kabisa, hapo ndiyo inakuja straiki, yaani onyo kwa chaneli yako, na straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inafutwa. Unaweza kupinga hiyo straiki kwa kujaza fomu ya kukanusha, ila sisi tulio nje ya Marekani fomu hiyo inatutaka tukubali kwamba kesi ikija itasikilizwa kwenye mahakama ya huko California yaliko makao ya YouTube. Mheshimiwa, kijana wa Ilula aliyeanza na simu ya kuazima akisoma hayo maneno anaacha, anafuta video mwenyewe, hata kama haki ni yake mia kwa mia. Na huyo kijana amekesha miezi mingapi kutafuta wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ili aruhusiwe kulipwa hela ya matangazo.

Makanisani nako ni hivyohivyo. Huku kwetu kwaya ni kitu kikubwa, Moraviani, Walutheri, Wakatoliki, kila Jumapili kuna watu wanarusha ibada laivu ili mama aliyelazwa na mtoto aliyeko masomoni wafuatilie. Waumini wanaimba tenzi ambayo mtunzi wake amekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, wakati sheria yetu ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake tenzi hiyo ni ya kila mtu, ila kuna mtu kairekodi upya akaisajili na mfumo unasikia melodi unaikamata kwaya ya kijijini. Ngoma za asili ndiyo usiseme kabisa, mtu anarekodi ngoma ya wazee wetu, anaweka kinanda juu, anaisajili, halafu sisi tukienda kurekodi wazee haohao wakicheza kwenye msiba au sherehe tunaambiwa tumeiba. Sheria yenu hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, naomba itumike na huku mtandaoni.

Wapiga picha za harusi nawasemea kwa kifupi maana wao wenyewe wanaogopa kuongea. DJ anapiga nyimbo ukumbini, mpiga picha anarekodi, bibi harusi anataka video iwekwe mtandaoni ndugu wa Dar na wa nje waone, ikiwekwa inanyamazishwa sauti pale pale wanapoingia ukumbini, na lawama zote zinamwangukia mpiga picha.

Tunaambiwa tumieni muziki wa bure, kuna maktaba ya YouTube, kuna wa leseni huria. Tunautumia, na kwa usalama ni mzuri. Lakini kweli mtu aonyeshe akina mama wa Rungwe wanabeba ndizi kwenda sokoni na nyuma inalia gitaa la watu wa mbali ambalo limeshatumika kwenye video laki moja za dunia nzima? Watu wetu walioko mbali wanafungua hizi video kwa sababu ya nyumbani, wanataka wasikie nyumbani. Kila nikiweka gitaa hilo kuna msanii wa Mbeya amekosa kusikika na amekosa hela ambayo mimi nilikuwa tayari kuitoa, hilo ndilo linaniuma kuliko kleimu zote.

Kinachowezekana tunakiona kwa wenzetu. Marekani YouTube wameanzisha Creator Music, mtengeneza video anafungua orodha anaona wimbo na bei yake, analipia au anakubali wagawane mapato na mwenye wimbo, kimeisha. Kwetu hatuhitaji mtambo wa namna hiyo ili kuanza. Bei iwe kwa ngazi, mwenye wafuatiliaji wachache asilipe sawa na kampuni ya bia, malipo yawe kwa simu, na ukilipa upate cheti chenye namba kinachotaja mtunzi, mwenye masta, na biti imetoka wapi. Taasisi za mirabaha zipewe pia jukumu la kuzungumza na wasambazaji ili chaneli iliyolipia iwekwe kwenye orodha ya walioruhusiwa, kwa sababu wasambazaji wanayo hiyo sehemu ya kuruhusu chaneli, ni suala la kuombwa tu na mtu mwenye uzito, mimi nikiandika barua pepe hawanijibu, ofisi ya serikali ikiandika watajibu.

Pia tupeni mkataba mmoja wa mfano, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, dogo na prodyuza waujaze palepale studio kabla wimbo haujatoka: nani kaandika, nani kapiga biti, biti ilinunuliwa wapi na kwa masharti gani, asilimia za kila mtu. Tunajua hakimiliki inapatikana kazi ikishatengenezwa hata bila kusajili, ila huwezi kumpa mtu wa nje maneno ya mdomo kama ushahidi.

Mwisho, wasanii wengi wa huku hawawezi kupanda basi kufuata huduma mbali. Nane Nane inafanyika hapa hapa viwanja vya John Mwakangale na watu wanatoka Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa kuja. Wekeni meza yenu pale siku zote za maonyesho, sajilini nyimbo hapohapo, leteni huo mkataba wa mfano, na mje na mtu anayejua mambo ya Content ID kwa undani, siyo wa kugawa vipeperushi tu. Sisi watengeneza video tutawaleta wasanii na maprodyuza wetu wenyewe, na karatasi za kleimu tutakuja nazo mkononi mzione moja moja.

Nasubiri jibu lako, na ukilijibu hadharani itakuwa vizuri zaidi kwa sababu wanaosubiri ni wengi.

Wako,
Mtengeneza video, Uyole, Mbeya